Gari linalala Isyonje, oili imechaguliwa Kyela

Swali: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya dizeli, Toyota Hilux yenye injini ya 3L, na mume wangu ana IST. Tunaishi Isyonje, huku milimani Mbeya kwenye baridi. Pikapu inashusha viazi Tukuyu na Kyela kule chini kwenye joto, mara tatu kwa wiki, inarudi na mchele au ndizi. Fundi wangu wa Kyela ananiwekea SAE 40 tangu ninunue gari. Anasema nchi yetu ni ya joto, oili yenye namba moja tu ndiyo inayolinda injini, hizi zenye namba mbili kama 15W-40 ni maji matupu. Lakini tangu Juni gari asubuhi linawaka kwa tabu, linagonga kidogo halafu linatulia. Fundi wa Uyole ananiambia nihamie 15W-40. Kijana wangu naye amesoma kwamba 5W-30 ndiyo ya kisasa. Na nimeshanunua dumu la lita 20 la SAE 40. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba mama, na poleni na kipupwe.

Mafundi wako wawili hawapingani kama unavyodhani. Wa Kyela anasema habari za magari yanayolala Kyela, wa Uyole za yanayolala Uyole. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tatizo ni kwamba wa Kyela amelichukua joto la kwake akalifanya joto la gari lako, na gari lako haliumii likiwa kwake saa nane mchana. Linaumia kwako saa kumi na moja alfajiri, kabla halijatembea hata mita moja. Mimi oili naichagua kwa kuuliza kwanza: gari hili linalala wapi? Kama ulivyonieleza, nakuandikia 15W-40 kwa pikapu. Kwa IST nakuandikia nyingine, nitaifikia.

Maneno mengi ya gereji hukosea kwenye namba, kwa hiyo tuanzie hapo. SAE ni chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na walianza kupanga oili kwa namba tangu 1911. Namba ikisimama peke yake, kama 30, 40 au 50, inakuambia jambo moja tu: oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, yaani joto linalokaribia la injini iliyo kazini, ni nzito kiasi gani, yaani inagoma kutiririka kiasi gani. Kipimo chake ni sentistoki. Namba 30 inatakiwa iwe kati ya 9.3 na 12.5, namba 40 kati ya 12.5 na 16.3, namba 50 kati ya 16.3 na 21.9. Kuhusu asubuhi ya baridi, namba hiyo imenyamaza kabisa.

Sasa 15W-40. Utasikia wauza spea wakisema W ni uzito, au kwamba hii ni oili namba 15 iliyochanganywa na namba 40. Si hivyo. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, na 15W inaeleza tabia ya oili ikiwa ya baridi. Ile 40 ya mwisho ni 40 ileile ya dumu lako: ikifika nyuzi 100 lazima nayo iangukie kati ya 12.5 na 16.3. Kwa hiyo ukipanda kutoka Kyela na mchele mgongoni, jua la utosi, gia ya pili, oili hizi mbili ndani ya injini yako ni nzito sawa. Aliyekuambia ni maji matupu aliitazama ikimiminwa kutoka kwenye kopo, ikiwa baridi. Hapo kweli ni nyepesi kuliko mwenzake, na wepesi huo wa kwenye baridi ndio unaoununua.

Kuna hoja nyingine nimeisikia mara nyingi, na aliyeisema mara ya mwisho alikuwa dereva mwenye akili zake: "Hiyo 15W inapimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mbeya hakuna baridi hiyo, sasa ya nini?" Ni kweli oili ya 15W inapimwa kwenye baridi hiyo, kuona kama stata itaweza kuizungusha injini, na 20W inapimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ila oili haisubiri sifuri ndipo ianze kuwa nzito. Inaongezeka uzito kila nyuzi inaposhuka, na oili ya namba moja inaongezeka kwa kasi zaidi. Nimekupigia hesabu kwa oili za kawaida za madukani. SAE 40 ikiwa kivulini Kyela, nyuzi 25, ina sentistoki 350 hivi. Oili hiyohiyo alfajiri ya Isyonje kwenye nyuzi 5 inakaribia 1,700. Imekuwa nzito mara tano, na ni gari lilelile, siku ileile, umeshuka na kupanda tu. Oili ya 15W-40 kwenye nyuzi 5 inakuwa 870 hivi, nusu ya mwenzake. Na 5W-30 ya kijana wako inakuwa 370, yaani alfajiri ya kwenu inapita kama SAE 40 inavyopita Kyela mchana. Ukiitazama hesabu hiyo utaona kwa nini fundi wa Kyela hajawahi kuliona tatizo lako. Pale kwake halipo.

Hata hivyo SAE 40 haitaganda kwenu, wala haigandi Kitulo ambako Julai umande hugeuka barafu kwenye majani. Inazubaa tu, na kuzubaa kwake kunaigharimu injini kwa njia ambazo hazionekani.

Gari likilala, oili karibu yote inashuka kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini. Juu, kwenye kamshafti na shingo za krankshafti, kunabaki utandu mwembamba. Ukiwasha, pampu inatakiwa ivute oili kupitia chujio la chini, iisukume kwenye filta, kisha ipande kwenye vijia vyembamba hadi juu kabisa. Oili ikiwa kama asali, pampu inavuta kwa shida, na kwa upande wa pili presha inapanda hadi vali ya usalama inafunguka na kurudisha sehemu ya oili kwenye sampo. Filta nayo ina vali yake: ikiona oili haipenyi kwenye karatasi inafungua njia ya pembeni ili injini isikae kavu. Kwa hiyo dakika zile za kwanza unaweza kuwa unazungusha oili isiyochujwa, na uchafu wake wote, kwenye metali ambazo zimebaki na utandu. Sehemu kubwa ya ulaji wa injini hutokea wakati kama huo, kabla haijapata moto. Mlimani mnauita ugonjwa wa baridi na kusubiri upite.

Stata nayo inabeba mzigo wa oili hiyo. Dizeli haina plagi ya cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na ili hewa ipate joto injini lazima izungushwe kwa kasi. Kule kwenu, mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na pwani. Betri nayo asubuhi ya baridi inatoa nguvu pungufu. Ukiongeza oili nzito, injini inazunguka polepole, joto halitoshi, dizeli inaungua kwa kuchelewa na kwa kishindo. Ndiko kugonga huko unakokusikia. Lakini hapa nisikudanganye: oili si mshtakiwa pekee. Injini ya 3L ina hita nne za kupasha moto kabla ya kuwasha, moja kwa kila silinda, na zikifa mbili utapata dalili hizohizo, pamoja na moshi mweupe na mtetemo. Kabla hujamlaumu mtu, mwambie fundi wa Uyole azipime moja moja. Ni kazi ya nusu saa.

Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe nikiwa fundi mchanga, Njombe. Mteja alilalamika pikapu yake inakula oili, nami kwa ujuaji nikamwekea SAE 50 "izibe". Jioni ikawa shwari, moshi wa bluu ukapungua, akanilipa na soda juu. Asubuhi, Julai, ikagoma. Tukapiga stata hadi betri ikafa, tukaisukuma kwenye mteremko ikawaka, na taa ya oili ikakaa nyekundu huku tepeti zikilia kama mtu anapepeta mahindi kwenye ungo. Nilizima kwa hofu. Tulikuja kuwasha saa nne jua likiwa limepanda, na siku ileile nikamwaga lita zote kwa pesa yangu. Kuna wanaowasha moto wa kuni chini ya sampo ili oili ilainike. Nimewaona, kwenye malori yaliyolala Makambako. Usijaribu, mabomba ya dizeli yako hapohapo.

Sasa nikuulize kitu ambacho hukukitaja. Pikapu yako ina themostati? Fungua ukaangalie, au muulize fundi wa Kyela kwa upole. Mafundi wengi wa nchi za joto huitoa na kuitupa, wakisema gari lipumue, lisichemke mlimani. Themostati ni kikombe kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa kawaida nyuzi 80 na kitu, ndipo kifunguke. Bila hicho, injini inayoshuka kutoka Isyonje kwenda Tukuyu, mguu uko nje ya mafuta, upepo wa baridi unapiga rejeta, haipati moto kabisa. Unaweza kufika Kiwira injini bado ni vuguvugu. Hapo namba zote nilizokutajia zinapoteza maana, kwa sababu ile 40 inahesabiwa kwenye nyuzi 100 na oili yako haikaribii huko. Injini isiyopata moto pia inaruhusu dizeli isiyoungua kupenya kwenye ringi na kuingia kwenye oili, na mvuke haukauki. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta kitu kama maziwa mgando kwa chini, basi mara nyingi ni hicho, ingawa usiache kuangalia kama maji ya rejeta yanapungua, maana gasketi iliyokatika nayo hufanya hivyo. Kwa gari la nyanda za juu, kurudisha themostati nzima kunaweza kukusaidia kuliko oili ya bei yoyote. Na kama gari lilikuwa linachemka hadi ikatolewa, ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta au feni, na bado uko hapo.

Nisije nikaonekana naitukana oili ya namba moja. Ina sifa moja ambayo 15W-40 haina. Ili oili ya namba mbili isizidi wepesi ikipata moto, kiwandani huiongezea polima, nyuzinyuzi ndefu sana zinazotanuka kwenye joto. Nyuzinyuzi hizo hukatwakatwa zikipita kwenye sehemu zinazobana, kidogo kidogo, na oili duni ya 20W-50 inaweza kuishia kuwa 40 kabla hujafika siku ya kumwaga. SAE 40 kwa kawaida haina cha kukatwa. Ndiyo maana injini kubwa za garimoshi na za meli zimezoea oili ya namba 40 peke yake: zinawashwa mara chache, zinafanya kazi saa nyingi kwa joto lilelile. Jenereta ya kituo, pampu ya umwagiliaji huko Usangu, mashine ya kusaga inayowashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa jioni, hizo ukizipa SAE 30 au 40 kama kitabu chake kinavyosema hujakosea. Na Hilux kuukuu inayolala Kyela, isiyopanda kuja kwetu, nayo itaishi nayo vizuri tu. Gari linaloshinda kwenye nyuzi 30 na kulala kwenye nyuzi 5 ndilo lililowafanya watu watengeneze oili ya namba mbili.

Kijana wako yuko sahihi kwa gari la baba yake. IST ina injini ya petroli yenye VVT-i, kifaa kinachogeuza kamshafti kwa kutumia presha ya oili kupitia vijia vyembamba na kichujio kidogo kama cha chai. Mnyororo wa taimingi nao unakazwa kwa presha hiyohiyo. Ukiiwekea SAE 40 asubuhi ya kwenu, oili inachelewa kufika huko, mnyororo unasikika ukikwaruza, na VVT-i inafanya kazi kwa kuburuta miguu. Iwekeeni 5W-30 yenye alama ya SN au SP ya API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Ikikosekana, 10W-30 inastahimilika. Pikapu msiiwekee 5W-30. Ile 30 ya mwisho ni nyepesi kwa metali za dizeli iliyokula miaka mingi, nayo inapanda mlima na mzigo. Kwenye baridi ingefurahi, ila kwenye kona za Tukuyu mchana ingekudai.

Namba si kila kitu kwenye kopo. Tafuta herufi za API. Inayoanza na S ni ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo ya karibuni. Oili nyingi za namba moja madukani ni za daraja la zamani. API wenyewe wanasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988, na SA, ambayo haina dawa yoyote ndani yake, haifai kwa nyingi zilizotengenezwa baada ya 1930. Soma tena mwaka huo. Bado utaikuta. Kwa pikapu yako chukua 15W-40 yenye CH-4 au CI-4. Dizeli yako inatengeneza masizi mengi, na oili ya madaraja hayo ina dawa ya kuyashika yasigande kwenye vijia. Nunua kopo lililofungwa. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa hujui imetoka wapi, na hata muuzaji huenda hajui.

Ukihama, usishtuke mambo mawili. Oili itakuwa nyeusi mapema, pengine wiki ya kwanza tu. Inasafisha uchafu uliolala miaka yote, kwa hiyo hiyo ya kwanza imwage mapema, kama kilomita 2,000, ubadilishe na filta, halafu urudi kwenye utaratibu wako. La pili, sili iliyokuwa imezibwa na utope inaweza kuanza kuvuja. Watu wakiliona hilo wanasema 15W-40 imeharibu injini. Ikiwa na moto ina uzito uleule, nimeshakuonyesha; sili ilikuwa imekufa zamani. Kama injini inakula zaidi ya lita moja kati ya kumwaga na kumwaga, jaribu 20W-50 kwanza, ukijua asubuhi itakuwa mvivu kidogo kuliko 15W-40.

Asubuhi subiri taa ya hita izime, washa bila kukanyaga mafuta, hesabu. Taa ya oili ikizidi hesabu ya tatu au nne kuzima, nirudie. Huna haja ya kuiacha sailensa robo saa kama wanavyofanya madereva wa malori. Nusu dakika, kisha ondoka taratibu mpaka sindano ya joto inyanyuke. Injini ya dizeli inapata moto kwa kufanya kazi. Ikiachwa inanguruma bila mzigo inajinywesha dizeli tu.

Dumu lako usilitupe. Angalia API yake kwanza. Kama ni CD au CF, mwenye mashine ya kusaga hapo kijijini atalichukua, au mpelekee huyohuyo fundi wa Kyela siku unashusha viazi, akutoe bei. Kule lina kazi. Ukiwa umekwama njiani na oili imepungua, kuongeza nusu lita ya SAE 40 juu ya 15W-40 hakutaua injini, zinachanganyika. Lakini usimimine nusu kwa nusu ukidhani umetengeneza yako. Na kama kwenye dumu hukuti herufi zozote za API, lipake kwenye bawaba za geti.